KIBAO KISIPOSHIKA, GARI LISIONDOKE

Ndugu wafanya kazi,

Leo tunaandika habari ya kibao. Wako watakaocheka na kusema kwamba chama kimekosa la kusema mpaka kimeanza kuzungumza habari za vibao vya motokaa, na hali mishahara ni midogo na nyumba zinavuja. Wacheke kwanza, halafu wasome mpaka mwisho. Habari ya mshahara hatukuiacha. Lakini mshahara huliwa na mtu mzima, na maneno yetu ya leo ni juu ya watu kubaki wazima.

Mnajua desturi iliyoingia katika kazi zetu. Genge la njia ya reli halichukuliwi tena na gari moja la kudumu. Leo huja pikapu ya kukodi, kesho Land Rover kuukuu, kesho kutwa basi dogo. Gari la kukodi halina jina la mwajiri wala onyo lolote, kwa hiyo hupewa kibao cha kubandika na kubandua. Kibao chenyewe ni karatasi nene ya mpira yenye sumaku nyuma yake. Asubuhi hubandikwa kuwaambia wenye magari kwamba watu wako kazini, wapunguze mwendo. Jioni hubanduliwa, na gari hurudi kwa mwenyewe kama kwamba halikufanya kazi yoyote.

Juu ya mlango wa chuma uliopanguswa vizuri kibao hiki hushika. Hatusemi uwongo juu ya kitu cha mtu. Tunalolisema ni kwamba magari tunayopewa sisi, mengi mwili wake si chuma. Na mwajiri anajua.

SUMAKU NA SUFURIA

Kila mmoja wenu anaweza kuhakikisha jambo hili jikoni kwake. Chukua sumaku ya spika mbovu, iweke kwenye sufuria. Itaanguka. Iweke kwenye bati la mlango, itashika. Sufuria ni alumini, na sumaku na alumini hawajuani.

Sasa tazama Land Rover za zamani ambazo bado zinafanya kazi katika nchi yetu. Gari hilo lilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa haba. Kwa hiyo waliotengeneza walifunika mwili wake kwa madini yaliyochanganywa na alumini, na wakaendelea hivyo miaka mingi. Fremu ya chini ni chuma, lakini mabawa, ngozi ya milango na mlango wa nyuma ni ndugu wa sufuria. Bandika kibao cha sumaku hapo, uone.

Pikapu nayo ina milango ya chuma, lakini nyuma imevikwa kanopi, na kanopi nyingi ni faiba. Faiba haina habari na sumaku. Mabasi madogo na makubwa huwa na vipande vya mbele na vya nyuma vya faiba au plastiki. Na tukumbuke kwamba kibao cha onyo kinatakiwa hasa nyuma ya gari, maana gari linalotuua hutoka nyuma. Basi pale hasa tunapokihitaji ndipo kinapokataa kushika.

Nyapara akiona sumaku imekataa, husema, tafuteni gundi. Hapo ndipo michezo huanza. Tumebandika kwa selotepu. Tumebandika stika za plastiki zenye gundi nyepesi. Stika inataka mahali paliooshwa kwa sabuni, pakapanguswa kwa spiriti, pakakauka kabisa. Ni nani aliyepata kuosha gari kwa spiriti saa kumi na moja ya alfajiri, kando ya barabara ya murram? Vumbi jekundu likiingia chini ya gundi, kazi imekwisha. Na ikikaa siku nyingi juani, gundi hukauka ikashikana na rangi, na siku ya kuibandua hutoka pamoja na rangi ya mwenye gari. Kelele zake huja kwetu.

Wengine walileta vikombe vya mpira vya kunyonya kioo. Jua likiwaka mpira hulegea, vumbi likiingia hewa hupenya, na kibao huanguka. Wengine walileta plastiki nyembamba inayong'ang'ania kioo bila gundi. Hiyo inafaa kwa dirisha la duka la Krismasi. Wengine utepe wa vinywele, kama ule wa viatu vya watoto. Huo hushika kwa muda, lakini nyuma yake ni gundi ile ile, na matope yakijaa katika vinywele haushiki tena.

YALIYOTUPATA

Sisi wa genge letu tulipelekwa siku moja kubadili mataruma mahali reli inapokata barabara. Mwajiri hatumtaji. Yeye anajijua na sisi tunamjua. Gari lilikuwa pikapu yenye kanopi ya faiba. Kibao kilikuwa cha sumaku. Dereva akasema hakishiki. Akajibiwa akifunge kwa selotepu. Akakifunga.

Mvua nyepesi ilinyesha saa nne. Kibao kikaanguka chini ya gari, na hakuna aliyekiona, kwa sababu wote tuliinama juu ya kokoto. Lori likaja kwa kasi. Dereva wake aliona pikapu imesimama kando kama pikapu nyingine yoyote, akapita. Alipotuona sisi alikuwa karibu mno. Tuliruka. Mwenzetu mmoja alirukia vibaya juu ya reli, na mguu ukavunjika. Tunamshukuru Mungu kwamba hatukuzika mtu.

Sikilizeni sasa yaliyofuata, maana haya ndiyo yaliyotufanya tuandike. La kwanza, iliambiwa ofisini kwamba gari lile halikuwa na kibao cha kampuni wakati wa ajali, kwa hiyo haijulikani kama lilikuwa katika kazi ya kampuni. La pili, dereva alikatwa mshahara kulipa kibao kilichopotea.

Ndugu, hebu fikirini. Kibao kiliposhika, gari lilikuwa la kampuni. Kilipoanguka, gari likawa la mtu asiyejulikana, na mguu uliovunjika ukawa wa mtu asiyejulikana. Pilato alihitaji bakuli la maji ili anawe mikono. Huyu wetu anahitaji selotepu tu.

Wazee wetu walivaa kipande. Kuanzia mwaka 1920 hivi Mwafrika aliyekwenda kutafuta kazi katika nchi hii alichukua kipande ndani ya kikopo cha bati, kimening'inia shingoni kwa kamba. Kikopo kile hakikuanguka kwa mvua nyepesi. Wakati ule mabwana walipotaka alama ikae juu ya mtu, walijua kuitia kamba na bati. Leo alama inatakiwa kumlinda mtu, na tunaambiwa hakuna njia ya kuifunga. Hatukubali.

TAA YA MKIA

Watu wa reli hatuhitaji kufundishwa habari ya alama za kuondolewa. Tulikuwa nazo kabla ya motokaa kufika katika nchi hii.

Tazama taa ya mkia ya gari moshi. Ni alama ya kuondolewa. Leo iko kwenye behewa hili, kesho iko kwenye jingine, maana behewa la mwisho hubadilika kila safari. Mwili wa behewa ukiwa wa mbao, taa hukaa. Ukiwa wa chuma, taa hukaa. Haikuuliza habari ya sumaku hata siku moja. Kwa nini? Kwa sababu behewa lina kulabu ya chuma iliyofungwa kwa bolti, na taa ina mahali pa kuingilia kulabu. Kazi imekwisha.

Lakini si kulabu peke yake. Yuko mtu ambaye ni kazi yake kuiweka, na jina lake linajulikana. Yuko mwingine ambaye ni kazi yake kuitazama. Gari moshi likipita stesheni, yule wa signali hutazama mkia. Akiiona taa, anajua gari moshi limepita zima. Asipoiona, hasemi labda imeanguka njiani, si neno. Anajua kwamba huenda mabehewa yamekatika na kuachwa nyuma, na haruhusu gari moshi jingine kuingia katika njia ile. Kukosekana kwa taa ni habari, tena ni habari ya hatari, na kazi husimama.

Ndivyo ilivyo signali ya mkono. Waya ukikatika, mkono hurudi wenyewe kwenye hatari kwa uzito uliowekwa kwa kusudi hilo. Ndivyo zilivyo breki. Mwaka 1889, karibu na mji wa Armagh katika Ireland, mabehewa yaliyojaa watu, wengi wao watoto wa shule ya Jumapili, yalikatika mlimani yakarudi nyuma bila breki. Wakafa watu wapatao 80. Mwaka ule ule bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba magari ya abiria yawe na breki ambazo behewa likikatika hujifunga zenyewe. Hekima yote ya reli imo hapa: chombo kikiharibika, kiharibikie upande wa usalama.

Sasa kipimeni kibao cha sumaku kwa kipimo hicho. Kikianguka, gari linasema nini? Halisemi neno. Wenye magari wanaona njia ni salama. Nani ana kazi ya kukitazama? Hakuna. Kazi inasimama? Haisimami. Hiki ni chombo kinachoharibikia upande wa mauti, nasi tunaambiwa ni vifaa vya usalama.

MAJIBU YA MABWANA NA MAJIBU YETU

Wanasema, gari ni la kukodi, mwenyewe hataki litobolewe. Tunajibu kwamba si lazima kutoboa. Karibu kila gari lina chuma mahali fulani, na chuma hicho kina bolti. Iko keria ya juu ya paa, iko bamba ya nyuma, iko kulabu ya kuvutia, ziko bolti za gurudumu la akiba kwenye mlango wa nyuma wa Land Rover. Fundi yeyote wa kuchomelea atakata vyuma viwili vyenye mfereji na kuvifunga hapo kwa vibanio, na kibao cha bati kitaingia katika mfereji kutoka juu, kama ubao wa dirisha unavyoteleza. Pini moja hupita chini kukizuia. Jioni unachomoa pini na kukitoa kibao. Gari linarudi kwa mwenyewe bila alama hata moja.

Na mwenyewe akikubali kutoboa, ni rahisi zaidi. Kwenye faiba weka washa pana pande zote mbili isipasuke. Kwenye alumini weka mpira kati ya bolti ya chuma na mwili wa gari, kwa maana chuma na alumini vikigusana na maji yakiingia, alumini huliwa. Watu wa Mombasa na chumvi yao ya bahari wanalijua sana jambo hili. Kama hakuna nafasi kabisa ya chuma, basi fundi wa turubai yuko katika kila soko. Ashone kitambaa kizito chenye maandishi makubwa na vitambaa vya kung'aa gizani, atie macho ya shaba pembeni, nasi tutakifunga kwa kamba kuzunguka kanopi. Kamba haiulizi kama mwili ni chuma au ni faiba.

Wanasema, ni gharama. Tunajibu kwamba wahesabu vizuri. Vyuma viwili, bati moja, rangi na nusu siku ya fundi. Halafu upande wa pili waandike vibao vyote vya sumaku vilivyoanguka barabarani, rangi zilizobanduka, na mguu mmoja. Sisi tulisoma shule ya misheni mpaka darasa la mwisho la praimari tu, lakini hesabu hiyo tunaiweza.

Wanasema, ziko pembetatu nyekundu, zinatosha. Pembetatu ni nzuri, na ziwekwe. Lakini pembetatu husema gari limeharibika. Haisemi kwamba watu wameinama mbele ya gari na nyundo mikononi. Dereva akiona gari lililoharibika hulikwepa na kuendelea kwa kasi yake. Akisoma kwamba kuna watu, hupunguza mwendo.

Wanasema, gari halikuwa na kibao, kwa hiyo haikuwa kazi yetu. Hapa tunajibu kwa sheria. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri amlipe fidia mfanya kazi aliyeumia kwa ajali iliyotokana na kazi yake na kutokea akiwa kazini. Tena yasema kwamba mfanya kazi akipelekwa kazini au kurudishwa kwa gari lililotolewa na mwajiri, safari hiyo huhesabiwa ni kazi. Sheria haiulizi habari ya kibao. Inauliza ni nani aliyekutuma, na ni nani aliyetoa gari. Mtu asikutishe.

Wanasema, kibao kilipotea mkononi mwa dereva, alipe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mwajiri anaweza kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa ambalo mfanya kazi amelifanya makusudi. Makusudi, ndugu. Dereva aliyesema kwa mdomo wake kwamba kibao hakishiki, akaamriwa akifunge kwa selotepu, makusudi yake yako wapi? Aliyefanya makusudi ni yule aliyemwamuru. Akatwe yeye.

NA SISI PIA TUJIPIME

Haifai kupiga kelele upande mmoja tu. Ziko dhambi zetu. Wako madereva wetu wanaokiacha kibao chini ya kiti kwa makusudi, kwa sababu gari lenye kibao cha kazi haliwezi kuchukua abiria wa shilingi hamsini njiani. Tunawajua. Ndugu hao wanauza maisha ya genge zima kwa nauli ya mtu mmoja. Wako na manyapara waliotoka miongoni mwetu ambao, wakiisha kupewa kofia ya nyapara, husahau mara moja jinsi kokoto inavyochoma magoti. Na wako wengi, pamoja na sisi tunaoandika, tuliokiona kibao kimening'inia kwa pembe moja tukasema si kazi yangu.

Siku ile tuliyovunjikiwa mguu, watu wanne tulikiona kibao kinapepea kabla ya mvua. Wanne. Hakuna aliyekwenda. Jambo hili linatuuma mpaka leo, na tunaliandika ili liwaume na ninyi kabla halijawapata.

TUNAYOYATAKA

Kwa hiyo sisi wa tawi letu tumekubaliana haya, na tunayaomba matawi mengine yayatazame na kuyakubali.

1. Gari lolote linalochukua genge liwe na mahali pa kibao palipofungwa kwa bolti, kibanio au kamba, nyuma na ubavuni. Sumaku, selotepu, gundi na vikombe vya kunyonya visihesabiwe kuwa ni kufunga.

2. Kibao kiwe na onyo na jina la mwajiri pamoja. Anayetutuma asimame na jina lake.

3. Kila asubuhi mtu mmoja atie sahihi katika kitabu kwamba kibao kimefungwa. Mmoja wa genge apewe kazi ya kukitazama wakati wa kazi, kama yule wa signali anavyotazama mkia.

4. Kibao kikianguka au kikikosekana, kazi isimame mpaka kirudi. Saa hizo zilipwe.

5. Asikatwe mtu hata senti moja kwa kibao alichokwisha kutoa habari kwamba hakishiki. Na dereva aliyekatwa arudishiwe.

6. Mwenzetu aliyevunjika mguu alipwe fidia yake yote.

Wakati mtakaposoma haya, barua yenye maneno haya imekwisha pelekwa. Tukijibiwa vizuri tutasema asante, maana hatutafuti ugomvi. Tusipojibiwa, kila genge linajua la kufanya asubuhi. Lizungukeni gari kabla ya kupanda. Kishikeni kibao kwa mkono, mkivute. Kikitoka mkononi mwenu, kitatoka barabarani. Mwambieni nyapara mbele ya wote kwamba ni hatari, maana sheria ya usalama kazini inatutaka tutoe habari ya hatari tunayoiona, tena andikeni saa na tarehe. Halafu kaeni chini ya mti kwa adabu, bila matusi, mpaka kifungwe. Msikae mmoja mmoja. Mtu mmoja akikaa ataitwa mvivu. Genge zima likikaa, fundi wa kuchomelea ataitwa.

Gari moshi lisilo na taa ya mkia haliachwi hivi hivi, hata likiwa limebeba makaa matupu. Sisi hatutaki heshima zaidi ya hiyo. Tunataka heshima ile ile wanayopewa makaa.

Ni sisi ndugu zenu wa njia.

UMOJA NI NGUVU.